Tumbo la Alby, Msimu wa Ngano

Jumatatu, 10 Novemba 1975
Tumeanza kuvuna leo, konde la mashariki. Kila mwaka daftari hili huwa la mvua na malori ya ngano, na Alby ndiye huniambia niandike nini. Mwaka huu nitaandika nipendavyo, maana nililo nalo moyoni sina wa kumwambia. Mume wangu anaumwa tumbo na hataki mtu yeyote wa Mirrabin, mji wetu huu mdogo, ajue.

Lilianza Machi. Maumivu chini ya kitovu, upande wa kushoto, choo hakitoki siku nne, kisha kinatoka kwa fujo. Tulikwenda jijini Perth wakamtia dawa nyeupe kwa nyuma na kumpiga picha ya eksirei. Daktari wetu Prowse, kabla hajastaafu, alituonyesha: utumbo mpana umeota vijifuko kando kando, vingi, vya ukubwa wa njegere. Akaniagiza nimpe vyakula laini. Mkate mweupe, uji wa maziwa, viazi vya kuponda, nyama iliyochemshwa mpaka iachane. Marufuku maganda, marufuku mbegu, marufuku pumba. Tangu hapo nampikia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nyanya nazimenya na kuzichuja. Pumba nanunua gunia zima kutoka kinuni, zote za kuku, na kuku wangu wana afya ya kutisha.

Jumanne, 11 Novemba
Redio inasema waziri mkuu amefukuzwa kazi. Nilipanda ngazi ya kombaini, mashine yetu ya kuvunia, kumwambia Alby. Akauliza kama wamesema lolote kuhusu mvua.

Ijumaa, 14 Novemba
Safari tatu za lori. Mimi ndiye naendesha lori hadi ghala la stesheni, Alby yuko kwenye kombaini. Hakula mchana.

Jumatatu, 17 Novemba
Manyunyu. Ngano mbichi, hatuvuni. Alby kalala kifudifudi kwenye sakafu ya veranda, kwenye saruji, kwa sababu ni baridi. Nikamuuliza panauma wapi. "Si kitu," akasema. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, kalala chini na mbwa, eti si kitu.

Alhamisi, 20 Novemba
Jua limerudi. Kaka yake Merv alikuwa amesimama kwenye uzio asubuhi nzima, mikono juu ya waya, anatuangalia. Hawajasemezana miaka sita, tangu baba yao alipofariki na mashamba yakagawanywa. Alby anaamini Merv alipewa bonde lenye udongo mzuri kwa hila. Nami naamini hivyo hivyo, na leo nimemchukia zaidi kwa kule kusimama kwake. Anafurahia. Ana vibarua wawili na kombaini mbili, ameshavuna nusu, anakuja kutazama ndugu yake akishuka ngazi na kukimbilia nyuma ya lori huku ameshika suruali.

Nilimwambia Alby tuombe msaada. Akanikata jicho. "Wa nani?"

"Wa majirani. Wa nani mwingine?"

"Subiri nife kwanza. Ndio utaratibu."

Ni kweli, ndio utaratibu wa hapa. Mtu akishindwa kuvuna, majirani hukubaliana siku moja wakaja na kombaini zao bila kuitwa, wakalimaliza konde lote kabla jua halijazama, wanawake wakaleta keki. Alby mwenyewe amekwenda mara ngapi sijui. Lakini katika miaka ishirini na tisa niliyokaa hapa, walikwenda kwa wajane tu. Kombaini za wenzake zikijipanga kwenye geti la mwanaume, maana yake mwenyewe keshazikwa.

Jumatatu, 24 Novemba
Joto kali na upepo wa mashariki. Saa nne redio ikatangaza marufuku ya kuvuna kwa kuogopa moto, kwa hiyo Alby hakuwa na kisingizio. Nikamwingiza garini, kilomita arobaini na sita hadi Korrabin, kwa daktari mpya.

Niseme ukweli, sikuwa na hamu naye. Anaitwa Daktari Mascarenhas, mwanamke mdogo mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, Mgoa wa Kampala. Alifukuzwa kule pamoja na Wahindi wenziwe miaka mitatu iliyopita, akaondoka na begi moja. Kina mama wa chama chetu wanasema anauliza maswali ya aibu. Na kweli anauliza. Alimuuliza Alby choo chake kina sura gani, na Alby, ambaye kwangu hajawahi kutamka hata neno choo, akaangalia kofia yake.

"Kama cha mbuzi," akasema hatimaye.

"Asante, Bwana Trewin. Hilo limenisaidia kuliko picha."

Alimbonyeza. Alipofika kushoto chini Alby aliguna na miguu ikajikunja yenyewe. Joto la mwili lilikuwa juu kidogo. Daktari akasema kijifuko kimoja au viwili vimeziba na kuoza, alale hospitali leo leo, apewe maji ya mshipa na dawa.

"Baada ya mavuno," akasema Alby.

"Lini?"

"Krismasi."

"Bwana Trewin, unajua kinachotokea kikipasuka?"

"Nimesema Krismasi, daktari."

Alipotoka kwenda kuwasha gari, mimi nilibaki. Nikamwomba daktari anieleze kama anavyomweleza mtu mjinga. Akaniuliza kama nimewahi kuona tyubu ya zamani ya gurudumu ikijazwa upepo, pale mpira ulipochoka ikatokeza kinundu. Nimeona mara nyingi. Akasema utumbo uliozoea chakula laini hauna cha kushika, unajikaza sana kusukuma kidogo, na mkazo ule mwaka baada ya mwaka unatokeza vinundu. Mavi yakinasa mle, ndio taabu. Akasema alifanya kazi Kampala miaka kumi na tano, watu walikula mtama, maharage, viazi vitamu, ndizi, na katika wagonjwa wote wa kienyeji aliowapasua hakuona utumbo wa namna hii hata mmoja.

"Unampa nini nyumbani?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa fahari, mpaka habari ya nyanya.

"Daktari Prowse alifundishwa hivyo," akasema. "Hata mimi nilifundishwa hivyo. Sasa wengi wetu tunaona tulikosea. Homa ikiisha, taratibu, mwanzishie unga usiokobolewa. Na pumba."

"Pumba za kuku?"

"Ni pumba tu, mama. Kuku hawana zao."

Njia nzima ya kurudi nilishika usukani bila kuona barabara. Tunalima ngano. Tunaipeleka mbali wakaivue ganda, tunarudishiwa ile nyeupe, na ganda natupia kuku. Sijui kama ni mimi niliyemfanya hivi. Daktari alisema vijifuko ni vya miaka mingi, huenda tangu ujana. Lakini tangu ujana wake anakula chakula cha mkono wangu.

Jumanne, 25 Novemba
Bado marufuku. Dawa za daktari anasema zinamtia kichefuchefu. Nikamwambia habari ya pumba akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwanamke katoka Afrika kuja kunilisha chakula cha kuku," akasema. "Na wewe umekubali."

"Bora chakula cha kuku kuliko ulivyo."

"Nilivyo nikoje?"

Angeuliza kioo.

Alhamisi, 27 Novemba
Homa. Shati limelowa saa mbili asubuhi. Bado yuko kwenye kombaini. Nilisimama mbele yake njiani nikakataa kuondoka, akazunguka akanipita, na ngano ikaendelea kukatwa. Naogopa mpaka nakosea gia. Naandika hapa kwa kuwa nikimwambia mtu Korrabin, Mirrabin itajua kabla sijafika nyumbani, na yeye hatanisamehe.

Ijumaa, 28 Novemba
Ameamka mzima. Sina maelezo. Homa imeshuka, amekula viazi, ametania mbwa. Safari nne za lori.

Jumapili, 30 Novemba
Mzima bado. Tumekwenda kanisani. Merv alikuwa benchi la nyuma akimwangalia Alby shingoni ibada nzima. Nimemshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Nimeanza kufikiri Daktari Mascarenhas alitia chumvi, na nikaona raha kumfikiria vibaya, maana basi na kosa langu linapungua.

Jumanne, 2 Desemba
Nilikwenda banda la kunyolea kondoo kutafuta kamba. Kwenye friji ya kule, nyuma ya bia, ile chupa ya penisilini ya kondoo imebaki robo. Tulipoifungua Septemba kwa yule jike mwenye jipu la kwato ilikuwa imejaa. Bomba la sindano liko pembeni limeoshwa, limefunikwa kwa leso yake.

Nilimsubiri mpaka alipokuja kunywa chai.

"Unajidunga dawa ya kondoo."

Alikoroga chai. "Ni dawa ile ile, Val. Bei ndiyo tofauti."

"Umejuaje kipimo?"

"Nina kilo tisini. Nimehesabu kondoo mmoja na nusu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Amejidunga pajani siku sita, akiwa amekaa juu ya robota la sufu. Nilimpigia daktari simu kutoka stesheni, maana laini ya nyumbani tunashirikiana na majirani, nao husikiliza. Aliniuliza amejidunga kiasi gani na siku ngapi. Kisha akasema dawa ile imeficha moshi tu, moto uko palepale, na ikiisha au ikishindwa nitauona. Akaniambia dalili: tumbo likiwa gumu kama ubao, akiacha kujamba, akishindwa kunyooka, nisiulize mtu, nimlete.

Nimeimwaga iliyobaki. Labda nimekosea pia. Kila ninachokifanya nyumba hii sasa nakifanya kwa kubahatisha.

Alhamisi, 4 Desemba
Maumivu yamerudi.

Ijumaa, 5 Desemba
Naandika nikiwa Perth, kwenye benchi, na penseli ya nesi. Nitaandika yote maana nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Aliamka saa kumi na moja alfajiri akaenda hadi mlangoni akiwa ameinama kama anaokota kitu. Nikamwambia anyooke. Akasema amechoka tu mgongo. Nikamwomba. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, mimi, nikamshika buti zake nikamwomba. Akasema, "Bado ekari mia mbili, Val. Siku tatu. Halafu unipeleke unakotaka." Akaketi kupata nguvu ya kufunga kamba za buti, na katika kuketi kule akafumba macho.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilichukua kisu cha kuchunia kondoo bandani, nikaenda kwenye kombaini nikakata mkanda mkubwa unaoizungusha. Si kazi rahisi, una nyuzi ndani. Nilijikata kidole gumba. Nilijua ule wa akiba tuliutumia mwaka jana, na mwingine hauuzwi popote ila Korrabin.

Nikarudi nikatia chai. Nilimsikia akiijaribu kombaini, akazima. Alirudi mwenyewe akishika kuta za banda. "Mkanda umekatika," akasema. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu.

"Basi nitakwenda kuununua."

"Watakupa saizi siyo. Nakuja."

Hivyo akapanda lori kwa miguu yake, asingepanda kwa sababu nyingine yoyote duniani. Kila shimo la barabara alitoa mlio mdogo puani. Tulipoingia Korrabin nilipita duka la vipuri bila kupunguza mwendo.

"Umepita duka," akasema.

"Najua."

"Val. Rudi."

"Sirudi."

Aliweka mkono kwenye mpini wa mlango. Nilimwambia afungue akitaka, aanguke, nitamwokota na kumpeleka hivyo hivyo. Tulifika hospitali mkono ukiwa palepale.

Daktari Mascarenhas hakumsemesha. Aliweka kiganja tumboni mwake, na mimi niliona uso wake, nikajua. Kijifuko kimepasuka, uchafu na usaha vimemwagika tumboni. Ndege ya madaktari ilitua uwanja wa mbio za farasi baada ya saa moja na nusu. Wakati tunaingoja nilimshika daktari mkono wa koti jeupe.

"Ni chakula changu?"

"Sijui," akasema. "Sitakudanganya kukufurahisha. Ulimlisha alivyosema daktari, na daktari alisema alivyofundishwa. Lakini leo, mama, umemleta. Na hilo nalijua."

Wamemwingiza chumba cha upasuaji saa nane mchana. Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Milango ina madirisha ya duara na hakuna anayepita.

Jumamosi, 6 Desemba
Yu hai. Wamekata kipande cha utumbo kirefu kama kiganja changu na vidole. Sehemu ya juu wameitoa nje ya tumbo, kushoto, na choo kitatokea hapo kwenye mfuko, kwa miezi sita au zaidi, mpaka waweze kuunganisha tena. Kama atafika huko. Mpasuaji alisema "kama" mara tatu. Nilihesabu.

Jumapili, 7 Desemba
Homa. Hanijui.

Jumatatu, 8 Desemba
Homa. Nimeomba kila namna ya kuomba ninayoijua, na nyingine nimebuni.

Jumatano, 10 Desemba
Homa imeshuka nusu. Mchana nesi akaniita kwenye simu. Alikuwa Merv. Miaka sita sikuisikia sauti yake karibu hivyo.

"Shemeji, tuko kwako. Ufunguo wa tangi la mafuta uko wapi?"

"Nani mko kwangu?"

"Sisi wote. Kombaini kumi na moja. Tutamaliza kabla ya saa kumi."

Nilikaa chini sakafuni na waya wa simu ukanifuata. Nikamwambia Alby hajafa.

"Najua hajafa. Tungekuja tumefunga tai nyeusi." Akakohoa. "Nilimwona, shemeji. Tangu Novemba. Anashuka mara nne kwa saa, anashika tumbo. Kila siku nilisimama pale uzioni nikijiambia leo nitavuka. Sikuvuka."

Nimemtukana mtu yule moyoni wiki tatu nzima.

"Kitu kingine," akasema. "Ule mkanda. Haukukatika. Umekatwa."

"Ndiyo."

"Basi nimeuchoma moto," akasema Merv. "Asiuone mtu."

Jumamosi, 13 Desemba
Amerudiwa na akili. Aligundua mfuko kwa mkono, chini ya shuka, akauvuta mkono haraka. Kisha akauliza habari ya ngano, na sikuweza kumficha.

"Wamenivunia kama marehemu," akasema. Machozi yalimtoka mpaka masikioni, maana amelala chali. "Na Merv yumo?"

"Merv ndiye aliyewaita."

"Siku tatu tu. Laiti ule mkanda ungeshika siku tatu, ningemaliza mwenyewe."

Merv alinipa njia ya kunyamaza. Lakini nimeona msimu huu kunyamaza kunafanya nini ndani ya mtu. Nikamwambia mkanda niliukata mimi. Nikamwonyesha kidole gumba. Nikamwambia mpasuaji anasema siku tatu asingezifikisha, na hata moja ni shaka, na kwamba ningeukata tena kesho.

Aligeuza uso ukutani.

Jumapili, 14 Desemba
Hasemi.

Jumanne, 16 Desemba
Hasemi. Nesi amenifundisha mfuko kwa kutumia mwanasesere wa mpira, maana Alby hataki nimguse. Nikiingia anavuta shuka mpaka kidevuni. Wanaume watatu wodini wanajua mambo ya mwili wake, mimi mkewe naona kidevu. Nilikwenda msalani nikalia, nikaosha uso, nikarudi kukaa kwenye kiti. Kama ameamua kunichukia, atanichukia akiwa hai, na mimi nitakaa hapa kitini.

Alhamisi, 18 Desemba
Asubuhi nesi alikuja na beseni, msichana mpole wa Geraldton. Alipofikia shuka Alby alimshika kifundo cha mkono.

"Muachie mke wangu," akasema. Sauti ilikuwa na kutu. Kwangu mimi hakutazama.

Nikavuta pazia. Nikanawa. Shuka aliliteremsha yeye mwenyewe, mpaka kiunoni, akatazama dari. Tumbo lile nimelala nalo miaka ishirini na tisa na sikulijua. Mshono kutoka kitovu kushuka, nyuzi nyeusi, na kushoto kile kitobo chekundu chenye unyevu, kidogo kuliko nilivyokiogopa. Nilibandua mfuko wa jana. Harufu ilikuwa harufu ya choo, basi, si zaidi. Nikaosha kuzunguka kwa maji ya uvuguvugu, nikakausha, nikapaka ile dawa ya ngozi. Mikono yangu ilitulia kuliko nilivyotarajia. Nilipokuwa nabandika mfuko mpya niliona ameacha dari. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Inauma?" nikauliza, na nikasubiri jibu ninalolijua, lile la si kitu.

Kisha akanishika kidole, kile chenye bandeji, akakisogeza taratibu juu ya ngozi yake, kupita ukingo wa mfuko, hadi chini kidogo ya mbavu, akakiacha hapo.

"Hapa," akasema. "Na usiku, hapa zaidi. Na naogopa, Val."

Nikavuta kiti karibu. Nikamwambia anionyeshe tena.